Uzee na Maumivu Katika Pwani ya Kilifi

Kijana hujua habari za uzee kama mtu wa bara ajuavyo habari za bahari, yaani kwa kusikia tu. Huona mvi, huona mkongojo, huona mkono unaotetemeka unaposhika kikombe; lakini mambo yapitayo ndani ya kichwa na ndani ya mifupa ya mzee hayaoni. Wahenga walisema kwamba adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Vivyo hivyo maumivu ya uzee ayajuaye ni mzee mwenyewe.

Walakini elimu ya miaka mia moja na zaidi iliyopita imetufungulia mlango, nasi twaweza kuchungulia ndani. Katika insha hii nataka, msomaji, tutazame mambo matatu yaliyofungamana kama nyuzi za ukili: dhiki ya moyo, ambayo siku hizi huitwa msongo wa mawazo, kisha ukongwe wa ubongo, na maumivu ya mwili. Tutayatazama kwa historia ya pwani yetu, toka Malindi na Mto Sabaki hadi Ganze, Kilifi na Kaloleni. Nimechagua nchi hii kwa sababu hapa mzee amepata kuheshimiwa kuliko watu wote, na hapa hapa mzee amepata kuuawa kwa sababu ya mvi zake. Namna gani mambo mawili yaliyo mbalimbali hivi yakatokea katika nchi moja? Hilo ndilo swali letu.

Na tuanze na zama za kaya. Mapokeo ya Wamijikenda yasema kwamba wazee wao walitoka Shungwaya, upande wa kaskazini, wakashuka kufuata pwani, wakajenga miji yenye maboma ndani ya misitu minene. Miji hiyo ndiyo makaya. Wagiriama walikuwa na Kaya Fungo, Wakauma walikuwa na kaya yao, na Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Waduruma na Wadigo walikuwa na zao. Katika mwaka wa 2008 misitu kadhaa ya makaya haya iliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia.

Miti ndiyo iliyoilinda kaya kwa adui wa nje, lakini ndani kaya ililindwa na ukumbusho wa wazee. Hapakuwa na daftari la mashamba wala kitabu cha hukumu. Mipaka ya ardhi, mahari iliyolipwa na iliyosalia, fidia ya damu, nasaba za watu, maneno ya maombi ya mvua, yote yalikaa vichwani mwa wazee wa kambi, ambalo lilikuwa ndilo baraza la kaya. Kijana mwenye nguvu aliweza kumwangusha mzee kwa mieleka, lakini hakuweza kumwangusha kwa shauri. Palipo na wazee, watu walisema, haliharibiki neno.

Elimu ya leo haiwakatalii wahenga jambo hili. Ubongo wa mtu akongekapo huwa mzito wa mwendo: huchelewa kukumbuka jina, huchelewa kujibu, na mambo mawili yakifanywa pamoja humchanganya. Lakini hazina ya maneno na maana za mambo, na ujuzi uliokusanywa kwa miaka mingi, havipotei upesi. Kwa watu wengi hudumu hadi uzee mkubwa. Ndiyo kusema kwamba mtu mkongwe ambaye hakupatwa na maradhi ya ubongo aweza kuwa mshauri bora kuliko alivyokuwa alipokuwa kijana, ilimradi apewe muda wa kufikiri na watu wa kumsikiliza.

Miongoni mwa wazee wa pwani yetu hakuna aliyeonyesha jambo hili waziwazi kama Mnyazi wa Menza, aliyeitwa Mekatilili, yaani mama wa Katilili. Katika mwaka wa 1913 alikuwa mjane wa umri mkubwa. Serikali ya Waingereza ilikuwa imemweka Arthur Champion kuwasimamia Wagiriama, awatoze kodi na kuwapata vijana wa kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Mekatilili alikwenda kijiji hata kijiji, akicheza ngoma ya kifudu iliyochezwa katika matanga, na watu walipokusanyika aliwaambia wasitoe wana wao. Yeye pamoja na mzee Wanje wa Mwadorikola waliwakutanisha watu Kaya Fungo, wakawaapisha viapo vikubwa: mukushekushe kwa wanawake, na fisi kwa wanaume.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo alikamatwa, akapelekwa kifungoni magharibi mwa nchi, mbali na kwao mamia ya kilometa. Mapema mwaka wa 1914 yeye na Wanje walitoroka, wakarudi pwani kwa miguu. Mwezi wa Agosti serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikaanza. Wagiriama wengi walipigwa risasi, nyumba ziliteketezwa, mbuzi walitwaliwa, na waliokaa kaskazini ya Sabaki walifukuzwa mashambani mwao. Mekatilili alikamatwa mara ya pili. Katika mwaka wa 1919 aliachiliwa akarudi kwao, akashika tena nafasi yake ya uongozi wa wanawake katika kaya. Leo sanamu yake imesimama katika mji wa Malindi.

Habari hizi huenda umezisoma katika vitabu vya darasani. Lakini nakuomba usiupite upesi ule mwendo wa miguu. Mtu mzima mwenye mvi alivuka nchi za baridi na nchi za jua kali, katika mapori yenye wanyama, bila viatu vya maana wala chakula cha hakika, huku askari wakimtafuta. Nia haigeuzi goti bovu kuwa zima, wala kisigino kilichopasuka hakiponi kwa sababu mwenyewe ni shujaa. Mwili wake ulikuwa mwili wa mzee kama wazee wengine. Basi ni nini kinachomwezesha mwanadamu kuyabeba maumivu ambayo mwingine, katika kitanda laini, yangemliza usiku kucha?

Kwa muda mrefu wataalamu walidhani jibu ni jepesi. Katika karne ya 17 Mfaransa René Descartes aliyafananisha maumivu na kamba ya kengele: jeraha huivuta kamba chini, na kengele hulia juu ubongoni. Kwa mawazo hayo jeraha kubwa sharti lilete maumivu makubwa, na jeraha dogo maumivu madogo. Vita vikuu vya pili ndivyo vilivyoitikisa fikira hiyo. Daktari Mmarekani Henry Beecher aliwatibu askari waliojeruhiwa vibaya katika mapigano, na katika mwaka wa 1946 akaandika kwamba robo tatu hivi ya wale aliowauliza hawakuona haja ya dawa ya kutuliza maumivu, ingawa saa nyingi zilikuwa zimepita tangu wapewe dawa yoyote. Baadaye aliwalinganisha na raia waliopasuliwa hospitalini, na raia wale waliomba dawa kwa wingi zaidi. Askari yule aliliona jeraha lake kuwa ni kuokoka: ametoka katika kifo, anakwenda nyumbani. Raia aliliona jeraha lake kuwa ni msiba ulioingia katika maisha yake. Maana ya jeraha ilibadilisha uchungu wa jeraha.

Katika mwaka wa 1965 Ronald Melzack wa Kanada na Patrick Wall wa Uingereza walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kitu kama lango. Habari za jeraha hupita katika mishipa ya fahamu hadi langoni. Hapo huweza kuruhusiwa kupita, au kupunguzwa, au kuzuiwa. Wewe mwenyewe walijua lango hili, maana ukijigonga kiwiko mlangoni, mara moja hukisugua kwa kiganja, na maumivu hupungua. Mguso wa kiganja umelisukuma lango lifunge kidogo. Lakini mlinzi mkubwa wa lango hayuko kiwikoni bali yuko juu. Ubongo hupeleka amri chini, kufunga au kufungua, kwa kadiri ya hofu, tumaini na mazoea ya mtu. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1975, John Hughes na Hans Kosterlitz walivumbua huko Aberdeen, Uskoti, kwamba ubongo hutengeneza wenyewe vitu vyenye nguvu kama ya afyuni, navyo hutumika kulifunga lango lile.

Sasa twaweza kuuelewa vizuri zaidi mwendo wa Mekatilili. Sisemi kwamba hakuumia. Nasema kwamba maumivu yake yalikuwa na maana, alikuwa na mwenzake njiani, na mbele yake palikuwa na watu waliomngoja na kumheshimu. Hayo matatu ni dawa ya kweli ndani ya ubongo, wala si maneno ya faraja tu.

Hapa yatupasa tutofautishe dhiki ya namna mbili. Ukikutana na nyoka njiani, moyo hupiga mbio, pumzi huharakisha, sukari humwagwa katika damu ili miguu ipate nguvu, na lango la maumivu hufungwa. Waweza kukanyaga mwiba usiujue mpaka ufike nyumbani. Dhiki hiyo ni rafiki, mradi nyoka aende zake. Dhiki ya pili ni ile isiyokwisha: deni, njaa, kudharauliwa, kuogopa usiku na kuogopa mchana. Hans Selye, tabibu aliyefanya kazi Montreal, Kanada, aliandika katika mwaka wa 1936 kwamba mwili ukisumbuliwa kwa muda mrefu, kwa sababu yoyote ile, huonyesha dalili zinazofanana, kama vidonda vya tumbo, na mwishowe huchoka. Katika dhiki ya namna hii homoni iitwayo kotisoli, ambayo ilikuwa msaada wa saa moja, hukaa katika damu siku hata siku.

Kotisoli hufika ubongoni pia. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kuna sehemu ndogo iliyopinda kama yule samaki tumwitaye farasi wa baharini. Kwa hiyo wataalamu waliipa jina la Kigiriki la samaki huyo, hipokampasi. Hiyo ndiyo hodhi ya kupokelea ukumbusho mpya. Katika mwaka wa 1968 Bruce McEwen na wenzake wa New York walionyesha kwa panya kwamba homoni ya dhiki hushika sana katika sehemu hiyo. Habari kubwa zaidi ilitoka hapa hapa Kenya. Katika taasisi ya utafiti wa wanyama wa jamii ya nyani iliyoko Nairobi, baadhi ya tumbili waliofungiwa pamoja na wenzao waliowaonea walikufa. Walipopasuliwa walikutwa na vidonda vingi vya tumbo, na chembe za hipokampasi zao zilikuwa zimeharibika. Jambo hilo lilitangazwa mwaka wa 1989. Hakuna aliyewapiga tumbili wale kichwani. Waliharibiwa ubongo kwa kuishi muda mrefu chini ya uonevu wasioweza kuukimbia.

Mmoja wa wataalamu walioandika habari hiyo, Robert Sapolsky, alikuwa tangu mwaka wa 1978 akiwachunguza nyani wa porini katika nchi ya Mara. Aliona kwamba nyani dume wa daraja la chini, ambaye kila mkubwa humtolea hasira zake, aghalabu huwa na kotisoli nyingi katika damu. Lakini aliona pia kwamba dume mwenye rafiki wa kukaa naye na kuchambuana manyoya huwa na kotisoli chache zaidi. Basi upweke na uonevu hudhuru, na urafiki huponya, hata kwa mnyama asiyejua kusema.

Na tuingie sasa katika uzee wenyewe. Ubongo wa binadamu hupungua ukubwa kidogo kidogo umri uendeleapo, na hipokampasi hupungua pia. Hilo ni jambo la kawaida kama mvi. Lakini kuna wazee ambao hupatwa na maradhi kamili. Mwezi wa Novemba mwaka wa 1906 tabibu Mjerumani Alois Alzheimer aliwaeleza wenzake habari za mwanamke aliyeingia hospitali ya Frankfurt akiwa na umri wa miaka 51. Mwanamke huyo alipotewa na ukumbusho, alimshuku mumewe bure, alipiga kelele, alizunguka na vitu nyumbani bila kujua pa kuviweka. Alipokufa, Alzheimer aliutazama ubongo wake kwa hadubini, akaona umesinyaa, na ndani yake mna madoa na nyuzi zilizosokotana. Maradhi yale hadi leo huitwa kwa jina lake. Kumbuka dalili hizo, msomaji: kusahau, kushuku watu, kupiga kelele, kuzunguka ovyo. Tutakutana nazo tena.

Maumivu nayo hubadilika na umri, wala si kwa njia moja. Uchungu mdogo wa ngozi mzee huchelewa kuuhisi. Huenda akashika sufuria ya moto muda mrefu kuliko wewe kabla ya kuiachia. Hata mshtuko wa moyo huweza kumpata bila yale maumivu makali ya kifua yampatayo mtu wa makamo. Kwa sababu hiyo watu husema kwamba mzee amekuwa sugu. Wanakosea. Maumivu yakisha kuingia na kukaa, kama ya goti, kiuno au mgongo, mzee ndiye anayeshindwa kuyaondoa, maana ile nguvu ya ubongo ya kufunga lango imepungua. Tena kwa wengi wao kotisoli ikisha kupanda kwa hofu huchelewa kushuka. Usingizi hukatika, na ukosefu wa usingizi huzidisha maumivu ya kesho yake. Hivyo kijana na mzee wakipatwa na dhiki moja hawakupatwa na jambo moja.

Vipi kuhusu mzee aliyepotewa na akili? Huyu naye huumia, ila hana maneno ya kusema. Maumivu yake hutoka kwa njia nyingine: hukunja uso, hukataa chakula, hupiga kelele usiku, humpiga anayemwosha. Katika nyumba za kutunzia wazee huko Norway, wataalamu walifanya jaribio lililotangazwa mwaka wa 2011. Waliwachukua wazee 352 wenye maradhi ya akili na fujo, wakawapa nusu yao dawa za maumivu kwa utaratibu, wengi wakipewa vidonge vya kawaida tu ambavyo hata dukani huuzwa. Fujo zao zilipungua waziwazi. Fikiri juu ya jambo hilo. Kelele ambazo watu walizidhani kuwa wazimu kwa wengine zilikuwa ni kilio cha goti.

Baada ya kujua hayo, na turudi Kilifi. Katika karne hii ya 21 magazeti ya Kenya yameandika mara nyingi habari za wazee wa Kilifi, Malindi, Ganze na Magarini waliotuhumiwa uchawi, wakafukuzwa makwao, na wengi wakauawa kwa mapanga. Huko Godoma, katika Ganze, pameanzishwa makimbilio ya wazee waliookoka, nao huishi humo mbali na wajukuu wao. Aghalabu nyuma ya tuhuma husimama ugomvi wa ardhi, na mtu ambaye shamba lenyewe angelirithi hata hivyo. Lakini tuhuma haisimami bila ushahidi, na ushahidi uletwao mbele ya watu ni upi? Ni mvi. Ni macho mekundu. Ni kwamba mzee alionekana akitembea usiku karibu na nyumba ya jirani. Kwamba husema peke yake. Kwamba alimtazama mtoto akamwita kwa jina la mtu aliyekwisha kufa. Kwamba hupiga kelele pasipo sababu.

Umezitambua dalili hizo? Ni zile zile alizoziandika Alzheimer, ni zile zile walizoziona Wanorway. Mzee atembeaye usiku huenda ametafuta choo akapotea njia katika ua wake mwenyewe. Anayemwita mtoto kwa jina la marehemu huenda amemwona ndugu yake wa zamani katika uso wa mjukuu. Na kuna wengine wasiokuwa na ugonjwa wowote ila umri na upweke.

Ubaya wa jambo hili hauishi hapo, maana huzunguka kama jiwe la kusagia. Mzee akisikia mnong'ono juu yake, hofu huingia. Hofu ile hukaa, kotisoli hudumu, usingizi hukimbia, goti huuma zaidi, ukumbusho huzidi kudhoofika. Watu wakiona anavyobadilika husema: tazameni, uchawi unamrudi. Hivyo tuhuma hutengeneza dalili, na dalili huthibitisha tuhuma. Mekatilili alivuka nchi kwa miguu akiwa amezungukwa na heshima ya watu wake. Mzee wa leo huweza kuvunjika akiwa amekaa mlangoni pake, kwa sababu heshima ile imeondolewa.

Huenda wewe, msomaji, una jibu la haraka: hayo ni mambo ya imani, na imani ya watu haibadiliki kwa hadubini. Sikubaliani nawe, na ushahidi wangu ni wa nchi hii hii. Kwa muda mrefu mama wa pwani aliyeona mwanawe amekakamaa, macho yamegeuka, povu linamtoka, alisema kwamba ni dege, ndege wa shari aliyepita juu ya mtoto. Palitafutwa mganga, na wakati mwingine palitafutwa mtu wa kulaumiwa. Tangu mwaka wa 1989 kuna kituo cha utafiti mjini Kilifi, ambako madaktari wa Kenya na wenzao wa ng'ambo wameichunguza malaria inayopanda ubongoni na kuleta kifafa na kupoteza fahamu. Kati ya mwaka 1993 na 1995 walijaribu vyandarua vilivyotiwa dawa katika vijiji vya Kilifi, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa theluthi moja. Chandarua hakikumfukuza ndege yeyote. Kilimzuia mbu. Akina mama walioona hivyo hawakuhitaji kutukanwa ili wafahamu. Waliona watoto wao wamelala salama, wakatia vyandarua majumbani. Ikiwa maradhi ya ubongo wa mtoto yaliweza kuelezwa na kueleweka Kilifi, kwa nini yale ya ubongo wa mzee yasieleweke?

Tena sheria haikunyamaza. Sheria ya uchawi ya mwaka wa 1925, ya zama za wakoloni, haikumkataza mchawi tu, bali ilikataza pia kumtuhumu mtu uchawi ovyo mbele za watu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, yasema kwamba watu wazee wana haki ya kuishi kwa hadhi na heshima bila kudhulumiwa. Na kumwua mtu ni kumwua mtu, awe na mvi au asiwe nazo. Lakini sheria hufika kijijini ikiwa imechelewa, mara nyingi baada ya mazishi. Anayewahi ni yule akaaye karibu, na karibu na mzee aghalabu hukaa mjukuu aendaye shule. Ndiye wewe.

Basi nisikilize. Babu au bibi yako akikuuliza jambo moja mara tatu, mjibu mara tatu kwa sauti ile ile. Usimharakishe anapotafuta neno. Neno analo, ila njia ya kulifikia imekuwa ndefu. Akiwa mkali ghafula au akipiga kelele, kabla ya kuuliza ana nini kichwani uliza nini kinamwuma: meno, tumbo, goti, kidonda. Asipoweza kusema, tazama uso wake na mwendo wake. Akianza kupotea njia au kuwashuku watu wa nyumbani, washauri wazazi wampeleke zahanati, maana mambo mengine yanayofanana na ukongwe, kama homa, upungufu wa chakula na dawa zisizopatana, hutibika. Mkalishe pamoja na watu jioni, mwombe akusimulie habari za zamani hata kama umekwisha kuzisikia. Kwako itakuwa hadithi ya mara ya kumi; kwa ubongo wake ni chakula, na kwa maumivu yake ni mkono usuguao kiwiko.

Na siku utakaposikia barazani, dukani au kisimani mnong'ono kwamba mzee fulani ni mchawi kwa kuwa hutembea usiku, usicheke pamoja na wenye kucheka, wala usinyamaze. Sema unayoyajua, kwa adabu, kwa mtu mzima unayemwamini, kwa mwalimu, kwa chifu. Neno moja likisemwa mapema huweza kuokoa roho ambayo kesho yake majeshi ya polisi hayataweza kuirudisha. Wazee wa kaya walihifadhi sheria za nchi vichwani mwao kwa ajili ya watoto waliokuwa bado hawajazaliwa. Sasa zamu ni ya watoto hao kuvihifadhi vichwa vya wazee.